Tairi pana kwenye baiskeli ya resi: pima fremu kwanza ndo uende dukani

Kwenye fremu yangu upande wa kulia, pale lile bomba la nyuma linapokaribia pedeli, kuna mfereji wa urefu wa kama punje mbili za mchele. Rangi imekwisha, alumini inang'aa. Niliuchimba mwenyewe kwa siku moja, napanda kwenda Monduli nimesimama kwenye pedeli na tairi mpya za 28 (upana wa milimita 28) ambazo nilijiaminisha zinaingia kwa sababu gurudumu lilizunguka vizuri tu likiwa limening'inizwa kwa fundi. Hewani lilizunguka kweli, sikatai. Sasa barabarani, na kilo 78 juu yake zinakandamiza kushoto kulia kushoto kulia, ni habari nyingine kabisa, nikawa nasikia kama mtu anapiga msasa nyuma yangu nikajisemea labda kuna kijiti kimenasa.

Hakikuwa kijiti.

Nilienda kinyume. Nilinunua tairi kwanza, ringi nikabadilisha baadae kwa sababu nilizipata za mtumba kwa bei nzuri, na fremu sikuipima kabisa. Inatakiwa uanze na fremu, kwa sababu hiyo ndo kitu pekee ambacho huwezi kukitanua, ukitoka hapo uangalie breki, alafu ringi, tairi iwe ya mwisho kabisa. Nimeandika hii kwa ajili ya mtu mwenye baiskeli ya resi kama zile nyingi zinazoshuka kwenye makontena kutoka Ulaya, fremu ya alumini au chuma au kaboni ya miaka 10 au 20 nyuma, ilikuja na tairi za 23, na sasa anataka kitu kipana kidogo maana mgongo umechoka.

Na hamu hiyo naielewa sana. Miaka 15 iliyopita mapro walikuwa wanakimbia na 23, leo 28 ni kawaida na 30 zipo, na kule Paris-Roubaix, mashindano ya Ufaransa ya barabara za mawe, watu wanaenda na 32 na zaidi. Tangu mashindano ya dunia yafanyike Kigali Septemba 2025 na watu wakaona ile barabara ya mawe ya Kimihurura, kila ninayekutana naye njiani ananiuliza habari za tairi pana. Tairi pana unaiweka upepo mdogo, inameza mashimo badala ya kukurusha juu, na kwenye lami mbovu wala haikupunguzii spidi, maana nguvu nyingi hupotea pale mwili wako unapotikisika. Kwaiyo wazo ni zuri. Shida ni nafasi tu.

VITU VYA KUWA NAVYO

Venia (kile kifaa cha kupimia upana kwa milimita), hata ya plastiki ya bei rahisi inatosha. Alenki (funguo za pembe sita) za 3, 4 na 5. Pampu yenye geji, tochi ya simu, tepu nyeusi ya umeme, na karatasi ya kuandikia. Usiamini kichwa chako, andika.

HATUA YA 1: SOMA NAMBA ILIYO NA 622

Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zenye kistari katikati, mfano 25-622 au 28-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale waya wa tairi unapokaa ndani ya ringi. 622 ndo hiyo hiyo inayoitwa 700C, na karibu baiskeli zote za resi za watu wazima zinatumia hiyo. Kama baiskeli yako ni ndogo sana inaweza kuwa 571, na ukiikuta 584 hiyo ni ya 650B.

Hapa naomba uwe makini na neno "28" maana lina vichwa viwili. Ukienda duka la spea ukasema nataka tairi ya 28, jamaa anaweza kukutolea 28 x 1 1/2 ya Phoenix, zile baiskeli za kubebea magunia, hiyo ni 635 na haikuhusu. Ndugu yake mwingine ni 27 x 1 1/4, hiyo ni 630. Tofauti ya 630 na 622 ni milimita 8 tu, ukiangalia kwa macho huoni kitu, na ndo inavyodanganya watu. Fundi mmoja alinivalisha ya 27 kwenye ringi ya 700C, ikaingia kwa vidole bila hata kutumia vijiko, tukafurahi wote wawili tukasema tairi laini hii. Upepo ulipofika kama psi 60 hivi (psi ndo kipimo cha upepo kwenye geji) waya ukaruka nje ya ringi, tyubu ikachungulia kama ulimi, pwaaa! masikio yalilia mpaka jioni. Tairi ikiingia kirahisi kupita kiasi ishuku kwanza.

Baiskeli ya resi ya zamani sana, za miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80, inaweza kweli kuwa ya 27. Kwaiyo soma namba kwenye tairi ya zamani NA kwenye ringi, zikubaliane.

HATUA YA 2: PIMA FREMU, HAPA USIHARAKISHE

Vaa tairi uliyonayo sasa, jaza upepo wa kawaida. Kama ringi imepinda inyooshe kwanza, la sivyo unapima uongo.

Pima upana halisi wa tairi kwa venia, mahali tatu tofauti. Ubavuni kwangu iliandikwa 23, venia ikasema 23.2. Alafu pima nafasi iliyobaki kati ya tairi na fremu, kila upande, sehemu zifuatazo: kwenye yale mabomba mawili ya chini yanayotoka kwenye pedeli kwenda habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu (fundi wengine wanayaita chenstei), kwenye mabomba mawili ya juu karibu na breki ya nyuma, chini ya kile kidaraja kinachoshika breki, nyuma ya bomba la siti, na mbele katikati ya miguu ya foko pamoja na pale juu kichwani mwa foko. Kwenye fremu nyingi za resi mchawi ni chenstei, tena upande wa kulia, ila usibahatishe, za kaboni nyingine zinabana kwenye bomba la siti ambalo limechongwa kufuata gurudumu.

Venia haitaingia sehemu zote, ndo maana nikasema alenki. Alenki ya 4 ni milimita 4, ya 5 ni 5. Ichomeke kati ya tairi na bomba, zungusha gurudumu taratibu mzunguko mzima. Ikipita bila kugusa popote, una milimita hizo. Ikigusa hata sehemu moja, huna. Hakuna kipimo rahisi zaidi ya hicho, na kila nyumba yenye baiskeli ya resi ina alenki.

Mimi kwenye chenstei nilikuwa na 5.5 kila upande. Kwaiyo jumla ya uwazi ni 23.2 kuongeza 5.5 mara mbili, ambayo ni 34.2. Kwenye hiyo 34.2 toa nafasi ya kupumua. Mimi natoa 4 kila upande kwa sababu barabara zetu zina kokoto na msimu wa mvua tope linaganda kwenye tairi, na jiwe dogo likinasa kwenye tairi linachora fremu kila mzunguko. Anayekaa kwenye lami safi na ringi yake imenyooka anaweza kwenda na 3. Chini ya 3 mimi sishauri mtu. Basi 34.2 toa 8 inabaki 26.2. Hiyo ndo tairi kubwa ambayo fremu yangu inaweza kubeba nyuma, upana HALISI, sio ulioandikwa.

Mimi nikaweka 28 kwenye ringi pana, ambayo baada ya wiki ilipimwa 29.4. Toa mwenyewe: 34.2 kutoa 29.4 ni 4.8, gawa mbili, 2.4 kila upande. Ringi ikicheza milimita 1, fremu na gurudumu vikijikunja kidogo ukisimama kwenye mlima, umeshagusa. Na kuna kitu sikukijua: tairi pana inakuwa ndefu pia, kwaiyo ile sehemu yake nene inasogea mbele kuelekea kwenye pedeli ambako mabomba yanazidi kukaribiana. Yaani hata ile 2.4 ya kwenye karatasi ilikuwa chini ya hapo.

Mbele karibu kila mara kuna nafasi kuliko nyuma. Andika namba za mbele na za nyuma tofauti, utaona faida yake.

HATUA YA 3: BREKI

Kama una breki za diski, ruka sehemu kubwa ya hapa. Tafuta tu mtengenezaji anasema mwisho ni ngapi, nyingi za mwanzo zilikuwa 28, za baadae 32 na kuendelea, na namba hiyo uichukue kama upana halisi.

Kama ni breki za kubana ringi basi breki yenyewe ni ukuta mwingine. Tairi inapita chini ya ule mkono wa breki, na breki za zamani zilitengenezwa watu wakiwa na 23 kichwani, 25 inapita, 28 unaanza kusali. Chukua alenki ya 4 tena, ipitishe kati ya kilele cha tairi na tumbo la breki. Tairi ikipanda toka 25 kwenda 28 kilele chake nacho kinapanda kama milimita 2 mpaka 3, kwaiyo ukiwa na 5 sasa hivi utabaki na 2, hapo kokoto moja tu inakuimbia wimbo.

Kuna mtu atakwambia badilisha breki weka zenye mikono mirefu. Sikiliza: breki za kawaida za resi umbali toka kwenye bolti mpaka kwenye pedi ni milimita 39 mpaka 49, zile ndefu ni 47 mpaka 57. Bolti iko palepale fremu ilipotobolewa na ringi iko palepale, kwaiyo ukiweka breki ndefu kwenye fremu ya breki fupi, pedi zitashuka chini ya ringi zisikute kitu cha kubana. Pima umbali wako kwanza. Ukikuta ni 48 au 49 una bahati, inaweza kukubali. Ukikuta 42 hiyo hela nunulia kitu kingine.

Jambo lingine la breki ambalo linakera tu ila haliui: kile kiwiko kidogo cha kulegezea breki kinafunguka kiasi fulani, na tairi ya 28 yenye upepo inaweza isipite katikati ya pedi. Utalazimika kutoa upepo kila ukivua gurudumu. Mimi nimezoea, wengine wanachukia.

Na ukibadili ringi za upana wa nje 20 ukaweka za upana wa nje 25, lazima ulegeze waya wa breki na usogeze pedi upya. Usiondoke kwa fundi bila kufanya hivyo na bila kujaribu breki zote mbili.

HATUA YA 4: RINGI, UPANA WA NDANI

Hapa watu wengi wanachanganya. Mtu anakwambia ringi zangu ni 25, kumbe anapima nje kwa nje. Kinachohusu tairi ni upana wa NDANI, kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine pale waya wa tairi unapojishika. Mara nyingi umeandikwa kwenye stika au umechongwa, mfano 622x15, 622x17C, 622x19. Hiyo C inamaanisha kingo zimekunjwa kwa ndani kama ndoano ili zishike tairi. Stika ikiwa imetoka, vua tairi utumie yale meno ya juu ya venia, yale ya kupimia ndani.

Ringi za zamani za mtumba nyingi ni 13, 14 au 15. Za katikati ni 17 na 19. Za sasa ni 21, 23, mpaka 25. Kwa uzoefu wa kawaida 13 inakaa vizuri na tairi za 20 mpaka 25, 15 inachukua 23 mpaka 28 na hata 32 ukiwa mvumilivu, 17 anza na 25 kupanda juu, 19 vile vile 25 lakini 28 ndo inapendeza, 21 anza na 28. Mtengenezaji wa ringi akiandika tofauti na hivi, msikilize yeye.

Kwanini isiwe tairi yoyote kwenye ringi yoyote? Tairi pana kwenye ringi nyembamba inavimba kama balbu ya taa, shingo nyembamba kichwa kikubwa, ukikata kona kwa kasi inalala pembeni na unahisi kama una pancha. Nilikuwa na rafiki alivaa 32 kwenye ringi ya 13, alishuka mlima mara moja tu, akazivua. Kinyume chake, tairi nyembamba kwenye ringi pana inavutwa mpaka inakuwa bapa, kingo za ringi zinatokeza nje ya tairi, shimo moja tu linapiga chuma moja kwa moja, na waya haujishiki vizuri. Hii ya pili ndo mbaya zaidi, wala usiijaribu.

Alafu kuna ringi zisizo na ndoano kabisa, kuta zake zimenyooka, utaona zimeandikwa TSS. Zimeanza kuingia na magurudumu ya kaboni ya bei. Hizo zina sheria zake na hazina utani: tairi lazima iwe ya tyublesi (inayotumika bila tyubu) na mtengenezaji awe ameandika inakubali ringi ya aina hiyo, upepo usizidi baa 5 ambayo ni kama psi 72.5, na tairi isiwe chini ya 28 kwenye ringi ya ndani 23 wala chini ya 29 kwenye ya ndani 25. Februari 2024 kwenye mashindano ya UAE Tour tairi ya Thomas De Gendt, pro wa Ubelgiji, ilitoka kwenye ringi ya aina hii akaanguka na mjadala ukawaka dunia nzima. Sasa chukua hiyo 29 uirudishe kwenye hatua ya 2. Kama fremu yako mwisho ni 26 kama yangu, basi magurudumu hayo hata ukipewa bure sio yako. Uza.

Na kabla hujalipia gurudumu lolote la mtumba angalia habu nayo. Baiskeli ya resi ya breki za ringi upana wa habu ni milimita 100 mbele na 130 nyuma. Ya diski ni 135 au 142 nyuma. Usije kubeba gurudumu zuri lisiloingia.

HATUA YA 5: HESABU KABLA YA KULIPA

Upana ulioandikwa kwenye tairi unapatikana ikiwa imevaliwa kwenye ringi fulani ambayo mtengenezaji aliitumia kupimia. Ringi ikiwa pana zaidi ya hiyo tairi inatanuka, ikiwa nyembamba inabana. Kanuni ya mtaani, na inafanya kazi vizuri tu, ni kwamba kila milimita 1 ya upana wa ndani wa ringi inaongeza kama 0.4 kwenye tairi.

Mfano tairi ya 28 iliyopimiwa kwenye ringi ya 19. Ukiiweka kwenye ringi ya 15, umeshuka 4, mara 0.4 ni 1.6, utapata 26.4 hivi. Ukiiweka kwenye 23 umepanda 4, utapata 29.6. Tairi ile ile, imeandikwa 28, kwa mtu mmoja ni 26 na kwa mwingine ni karibu 30. Ndo maana ukimuuliza mtu "28 inaingia kwenye fremu hii?" akakujibu inaingia, hajakujibu kitu mpaka akwambie ringi yake.

Tairi za kizamani zenyewe zilipimiwa kwenye ringi nyembamba, 15 au 17, kwaiyo kwenye ringi ya sasa zinavimba zaidi ya unavyotegemea. Na tairi yoyote mpya inajinyoosha kidogo siku za mwanzo. Ongeza nusu milimita kwenye hesabu yako uwe salama.

Kwangu hesabu ilikuja hivi. Nyuma mwisho ni 26.2. Nikaachana na zile ringi pana, za ndani 21 (nilimuuzia jamaa mwenye fremu kubwa, anafurahi mpaka leo), nikapata za ndani 17, nikavaa tairi iliyoandikwa 25. Imepimwa 25.8, inabaki 4.2 kila upande. Mbele kwenye foko nina nafasi zaidi, nikaweka ya 28 ambayo kwenye ringi ile ile inatoka 27.3. Watu wananicheka magurudumu hayafanani, ila mikono yangu ndo ilikuwa inakufa ganzi kwa hiyo mbele ndo niliihitaji laini, na kona nashika vizuri. Mizani ya baiskeli imeinuka mbele kwa milimita chache, sijahisi chochote.

Kuna kanuni nyingine utaisikia, kwamba ringi kwa nje iwe pana kuliko tairi kwa asilimia 5, eti upepo wa njiani upite vizuri. Ni ya kweli kwa wenye ringi za kaboni zenye kuta ndefu wanaokimbia peke yao kwenye 40 kwa saa na zaidi. Wewe na mimi tupite.

HATUA YA 6: VAA, JAZA, SUBIRI, PIMA TENA

Tyubu iendane na tairi, ya 18-25 usiitie kwenye 28, inavutika inakuwa nyembamba na pancha hazikuachi. Na kama ringi yako ina kuta ndefu nunua tyubu ya valvu ndefu.

Ukishavaa angalia ule mstari mwembamba unaozunguka tairi karibu na ringi, uwe na umbali sawa mzunguko mzima pande zote mbili. Sehemu ikizama ndani, toa upepo, isugue kwa mkono, jaza tena. Kisha jaza mpaka upepo utakaoutumia na uiache usiku mzima. Kesho yake venia mahali tatu, alenki ya 4 kila sehemu ile uliyoandika hatua ya 2. Geuza usukani pia ukiwa umekaa kwenye siti, uone kama kidole cha kiatu kinagusa tairi ya mbele, maana tairi kubwa inasogea karibu na mguu.

Alafu jaribio ambalo lingeniokoa mimi. Kata vipande vya tepu nyeusi, bandika upande wa ndani wa chenstei zote mbili na za juu pia, pale tairi inapopita karibu zaidi. Bandika tabaka mbili. Nenda kwenye mlima mkali, simama, kanyaga kwa nguvu zako zote, yumbisha baiskeli kushoto kulia kama unakimbilia kumaliza. Rudi nyumbani angalia tepu na tochi. Ikiwa safi umefaulu. Ikiwa imechubuka hata kidogo, tairi hiyo ni kubwa, haina mjadala, usijiambie itazoea.

Kama umeshachelewa na mfereji upo tayari kama wangu: alumini safisha, hakikisha ni rangi tu na mkwaruzo mdogo, paka rangi (mimi nilitumia rangi ya kucha ya mama watoto, nyekundu, bado ananidai), endelea na maisha huku ukiangalia mara kwa mara. Ikiwa ni kaboni na nyuzi zimeanza kuonekana, simamisha baiskeli mpaka mtu anayejua kaboni aiangalie. Hilo sio la utani.

HATUA YA 7: UPEPO

Makosa ya mwisho ni kuvaa tairi pana alafu ukaijaza psi 110 kama ile 23 ya zamani, unakuwa umebadilisha tairi bure. Tairi ikipanuka upepo unashuka. Mimi na kilo zangu 78 naweka nyuma 85 na mbele 70, na tyubu. Ukiwa mwepesi shusha, ukiwa mzito panda, badilisha 3 mpaka 5 kila siku mpaka upate pale ambapo mashimo hayakurushi na ringi haigongi chini. Angalia namba ya mwisho kwenye tairi na namba ya mwisho kwenye ringi, unayoifuata ni ile ndogo.

Kompresa za bodaboda achana nazo, valvu nyembamba zetu zinataka adapta na ile hewa inaingia kwa fujo, geji zenyewe nyingi zinasoma zinachotaka. Pampu ya miguu yenye geji.

Ukimaliza kabisa usisahau ile kompyuta ndogo kwenye usukani kama inasoma kwa sumaku, maana mzunguko wa gurudumu umebadilika. Milimita za kuingiza ni 2096 kwa tairi ya 23, 2105 kwa 25, 2136 kwa 28 na 2155 kwa 32, unachukua ya gurudumu lenye sumaku. Yangu iko mbele, niliiacha kwenye 2096 kwa miezi miwili, ikawa inanipunja karibu kilomita 2 kwenye kila 100 na mimi nalaumu miguu.